Mshona Kola na Mdogo Wake wa Ng'ambo ya Mpaka

Saa moja asubuhi. Mwanga unaingia kwenye madirisha ya juu ya kiwanda na kuelea juu ya vumbi la pamba. Mama Kola, kama wenzake wanavyomwita, anapitisha kitambaa cheupe chini ya sindano, macho yake yakiwa mbali kama ya mtu anayesikiliza muziki.

"Kila kola naitafutia mwenyewe," anasema akitabasamu. "Hii ya mwalimu mrefu. Hii ya bwana harusi, maskini, anatetemeka."

Wavaaji wenyewe hawajui. Wako nchi ya mbali iliyotia saini mkataba wa biashara na nchi yake, mashati yaingie huko bila ushuru. Mkataba huo ndio uliofungua kiwanda, na mshahara wake ndio uliomlea mdogo wake wa kike, akamfundisha na kushona.

Mdogo mtu akaolewa ng'ambo ya mpaka. Mwaka jana nchi ile ya mbali ikasaini mkataba mwingine, safari hii na nchi ya shemeji. Wanunuzi wengi wakahamia huko. Hapa vyerehani vikafunikwa mashuka, safu baada ya safu, ukumbi ukawa kama nyumba ambayo wenyewe wamesafiri. Mama Kola akabakiziwa siku tatu za kazi kwa wiki.

Ndipo simu ikalia. "Dada, nimepata kazi! Kiwanda kipya. Wameniweka kwenye kola!"

"Nilimpa hongera, nikakata simu, nikalia," anakumbuka. "Nilimfurahia na kumwonea wivu, vyote kwa pamoja."

Tangu hapo hakupokea simu zake. Hadi jioni moja mdogo mtu alipobisha hodi, begi mkononi.

"Dada, umeninunia?"

"Nimezinunia karatasi, zilizosainiwa na watu wasionijua."

"Mimi si karatasi. Nifungulie."

Walilala godoro moja kama utotoni, wakizungumza hadi usingizi ukawachanganyia maneno. Mdogo mtu akaeleza kwamba mkataba wao unataka kitambaa kitoke nchini kwao au nchi ya wanunuzi. Cha nchi ya dada yake kikitumika, shati linatozwa ushuru.

"Yaani kitambaa kivuke bahari, na cha jirani kikataliwe mlangoni!" Mama Kola anacheka.

Siku hizi nchi hizo mbili jirani zimeanza kuzungumza zenyewe juu ya mkataba wa biashara kati yao. Dada hawa hawakusubiri yaishe. Wamepata chumba katika mji wa mpakani, chenye dirisha linalotazama barabara, washone nguo za watoto wa pande zote mbili.

Mama Kola anakiota hata akiwa macho: vyerehani viwili, mlango wazi, upepo ukipeperusha vitambaa.

"Yeye anataka ukuta wa bluu, mimi wa kijani," anasema. "Bado tunabishana. Lakini tunabishana tukiwa meza moja, na hakuna anayeondoka."