Pipa Lililoinuka Nyuma ya Nyumba

Walionipiga siwasahau. Askari wa msitu walinikuta na mzigo wa kuni upande wa Ngorongoro, wakanichapa fimbo za mgongo, wakaikata kamba yangu ya kubebea vipande vipande. Nilikuwa na mimba. Mtoto alikaa, Mungu mkubwa, lakini mgongo huu ukipigwa na baridi unawakumbuka mpaka leo.

Kwa hiyo serikali ilipoleta mpango wa kupikia kwa gesi ya samadi, mkono wa kwanza kunyooshwa mkutanoni ulikuwa wangu. Kijiji kingepewa mtambo mmoja wa mfano. Ukiwaka mbele ya mgeni wa mkoa, nyumba nyingine zingeletewa saruji na mabomba. Usipowaka, vitu viende kijiji kingine, na sisi turudi msituni.

Walichagua kwetu. Sisi Wairaqw ng'ombe tulilala nao nyumba moja, samadi haikutafutwa. Fundi alisakafia upande wa ng'ombe, akachimba mfereji mpaka kwenye shimo nyuma ya nyumba, akalifunika shimo kwa pipa kubwa la chuma.

"Mpeni samadi na maji, debe kwa debe," alisema. "Huyu naye ni ng'ombe, ila hana pembe. Pipa likiinuliwa na gesi, mjue ameshiba."

Mama mkwe wangu akakataa katakata. "Mimi chai ya mavi sinywi."

"Na maziwa, bibi, kwani yanatoka mbali na hapo?" fundi akamuuliza.

Akageuka tusimwone akicheka.

Pipa likainuka. Majirani walikuja kulitazama kama watu wanaokwenda kumwona mzazi.

Sasa namtaja aliyeharibu: katibu kata. Kila mtu wa rika langu Karatu anamjua. Siku chache kabla ya mgeni kufika, alikuja ameziba pua. "Mgeni asimame kwenye uvundo huu?" Akaleta dawa ya josho, ile ya kuulia kupe, akaamuru tuoshe sakafu yote ya ng'ombe. Tukaosha. Nani angembishia? Maji yote yakafuata mfereji, yakaingia shimoni.

Siku ya mgeni pipa lilikuwa limelala chini. Kiberiti cha kwanza, cha pili, cha tatu, wapi!

"Ndugu mgeni," katibu akasema, "wanawake hawa hawajasoma. Wamekosea kipimo."

Kweli, shule niliachia darasa la pili. Lakini mdomo nilizaliwa nao.

"Kipimo ni debe kwa debe," nikasema. "Ila huyu katibu wako ametuamuru tumnyweshe ng'ombe wetu dawa ya kupe."

Fundi akashika kichwa. "Dawa ya josho? Mmeua vijidudu vyote vinavyotengeneza gesi!"

Mgeni alimtazama katibu mpaka katibu akaangalia viatu vyake. Kisha akasema mtambo hauendi popote, yeye atarudi, na shimo litatapishwa lijazwe upya, katibu akiwa mmoja wa wachotaji.

Siku ile nilipona. Katibu kata, suruali imekunjwa magotini, anachota samadi kwa debe! Wanawake wa kijiji kizima walipita kwangu, eti wanaomba chumvi.

"Debe lako halijajaa, katibu!"

"Kipimo, ndugu, kipimo!"

Tukajaza samadi mpya, tukangoja majuma. Mgeni aliporudi, pipa lilikuwa juu. Fundi akawasha jiko: moto wa buluu, moshi hakuna. Mama mkwe akateleka sufuria ya chai, akauona moto mdogo, akainama akaupuliza kama alivyopuliza maisha yake yote. Ukazimika.

Mgeni alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Bibi, huu haupulizwi!"

"Moto gani usiotaka pumzi?"

Ukawashwa tena. Chai ikachemka, naye aliyeapa kutoinywa akanywa vikombe viwili, akanyoosha kikombe aongezwe. Saruji ya majirani ililetwa kwa lori kabla ya mvua.

Kamba yangu mpya ya kuni nikamfungia ndama.