Hatua Thelathini za Nusumita

Kanuni za kamati ya mto zilichukua vikao saba kuandikwa, na katika vikao vyote saba hakuna aliyejiuliza swali la kitoto: mtu asilime ndani ya hatua thelathini kutoka ukingoni, sawa, lakini hatua za nani?

Katika kikao cha nane ugomvi ukazuka. Waliouonea mto huruma wakampendekeza tarishi wa shule, jamaa mwenye miguu mirefu hadi suruali zake zote zinaishia juu ya vifundo. Wenye mashamba wakanong'onezana, kisha wakamsimamisha fundi cherehani, ambaye hata wanawe humwita Nusumita. Kura zikapigwa. Nusumita akashinda kwa kishindo, na kwa mara ya kwanza maishani ufupi wake ukawa cheo.

Walichosahau ni kwamba mvua za mwaka jana, mto usio na majani ya kuushika uliingia dukani kwake bila hodi na kuondoka na cherehani. Aliipata siku ya tatu, imejaa tope, sindano haipandi wala haishuki. Mafuriko mengine kama yale, na basi, angebaki kushona kwa mkono. Kwa hiyo wiki nzima alifanya mazoezi chumbani, kutoka kabatini hadi mlangoni, akitanua miguu mpaka nyonga zinalia.

"Baba watoto, unaumwa?" mkewe akauliza.

"Najiandaa kikazi."

Siku ya kupima, tarishi akabeba vigingi. Nusumita akaupa mto mgongo, akashusha pumzi, akatupa mguu. Watu wakadhani ameteleza. Akatupa wa pili. Shamba la kwanza lilikuwa la kinyozi, na kigingi kikasimama katikati ya mahindi yake.

"Hiyo si hatua, huko ni kuruka," kinyozi akalalamika.

"Mguu mmoja ulikuwa chini muda wote," Nusumita akajibu, jasho likimtiririka. "Kanuni haijasema zaidi."

Mwenyekiti akapekua makaratasi yake, akakubali shingo upande. Shamba la pili hivyo hivyo. La tatu suruali ikachanika msambani, naye akaendelea. Waliompigia kura wakaanza kukwepana macho.

Shamba la nne lilikuwa la vitunguu, na mwenye vitunguu alikuwa mama mkwe wake.

Mama huyu hakuwahi kumgombeza hata siku moja. Alikuwa akimtazama tu, na Nusumita akitazamwa alinywea. Vitunguu hivyo ndivyo vilivyomsomesha mkewe. Akaanza kuhesabu, na miguu yake, bila kumwomba ruhusa, ikarudi kwenye urefu wake wa kuzaliwa. Ya thelathini ikaangukia majanini, pembeni kabisa ya tuta la kwanza. Hakuna kitunguu kilichoguswa.

Kinyozi akainama kuzitazama nyayo kwenye tope, zimebanana kama mishono ya kola.

"Kumbe miguu nayo ina ndugu," akasema. Akageuka kurudi shambani kwake, na kila mtu alijua anakwenda kung'oa kigingi. Wenzake wawili wakamfuata. Nusumita alitamani ardhi impasukie. Kazi yote ile, na mto wenyewe, vyote vilikuwa vinaharibika kwa sababu ya uoga wake, na alijua hivyo.

"Subirini," mama mkwe akasema, bila kupaza sauti. Wakasubiri. "Mkwe wangu, rudi mtoni."

"Mama..."

"Rudi. Kwa kinyozi umeruka kama swala, kwangu unatembea kama bibi harusi. Unataka wanicheke sokoni?"

Akarudi. Akapima upya, miguu ameitanua, macho ameyafumba nusu, na kigingi kikapita tuta baada ya tuta, kikasimama yamebaki mawili. Mama mkwe akakitikisa kuona kama kimeshika. Kisha akainama, akawapa watu mgongo, akaanza kung'oa vitunguu ambavyo havijafika hata ukubwa wa kidole gumba. Kinyozi alimtazama kwa muda, halafu akaenda zake shambani. Kigingi hakukigusa; alianza na bua la kwanza la mahindi.

Nusumita akapiga magoti kando ya mama mkwe.

"Mama, nisamehe."

"Ng'oa," mama akasema. "Ukiendelea kuongea nitabadili mawazo."