Maji ya Kuongeza Kilo

Mwanangu, mama mkwe wangu nilimshika mkono kwa nguvu mara moja tu maishani, nami siku hiyo naikumbuka kama jana. Nilikuwa bibi harusi mbichi hapa Kindu, wakati wa Wabelgiji. Mkwe kumzuia mama mkwe mbele za watu! Nikisimulia hata leo, wanawake wa umri wangu wanashika midomo.

Bwana wangu, Ramazani, alikuwa ngozi na mifupa, lakini alitaka kazi ya treni. Wazungu wa reli waliwapima wanaume kilo kabla ya kuwaandika, na aliye mwepesi alirudishwa nyumbani. Ramazani alikuwa amekwisha kurudishwa. Safari hii rafiki yake wa Pangi akamwambia anywe maji, kwani maji nayo yana uzito. Basi asubuhi akaketi na ndoo, akanywa kata baada ya kata, na mkojo akaubana. Mimi nilimkodolea macho, nikicheka.

"Yote hii inaingia wapi?" nikamuuliza.

"Nyamaza! Usiambie muntu, hata mama. Wakijua, kazi imekufa."

Na kweli kwenye mzani akapita, akarudi anaimba. Lakini hata hajakaa vizuri, kichwa kikaanza kumgonga. Akatapika maji matupu. Kisha akaniita kwa jina la dada yake, akaniuliza mbuzi wamefungwa wapi. Mbuzi gani, jamani? Sisi hatukuwa hata na kuku. Kicheko kikanikauka.

"Ni jua," akasema mama mkwe, naye alimpenda mwanawe kupita kiasi. "Anapashwa kunywa." Akajaza kata, akamwinua kichwa.

Nikajiuliza: ndoo nzima imo tumboni, anatapika maji, na sisi tunamwongeza maji? Lakini nikisema, kazi imekwenda, na nyumbani hatukuwa na kitu. Mara mwili wake ukaanza kutetemeka, macho yakageuka. Nikamshika mama mkono.

"Mama, hapana! Amekunywa maji mingi, ndoo muzima, sababu ya kilo. Ni ile njo inamuumiza!"

"Wee mutoto, unanishika mimi?"

Maji yakamwagika mkekani. Majirani wakambeba hadi dispensari, nami nikakimbia nyuma yao nikisema ukweli wote, bila kujali nani anasikia. Mwuguzi aliponisikia akakataza asipewe hata tone. Alipokwisha kumhudumia, nikamsumbua kwa maswali: maji safi yanamdhuru mtu vipi? Akanieleza kwamba yakiingia mengi kuliko mwili unavyoweza kuyatoa, chumvi iliyo katika damu inazimuliwa, na ubongo unavimba. Ajabu gani hii! Tangu utoto niliogopeshwa maji machafu. Juu ya maji safi hakuna aliyenionya.

Ramazani alizinduka, Mungu asifiwe. Kazi ilikwenda, kwa sababu maneno yangu yalifika reli mapema. Akanuna, akasema nimemuuza. Mama mkwe, ambaye alikuwa hajanisemesha tangu kule nyumbani, akamgeukia.

"Funga kinywa. Leo ningekuua na mukono yangu mwenyewe. Huyu njo amenirudishia mutoto."

Nililia, mwanangu, nikashindwa kujizuia.

Basi nisikilize. Kunywa maji, ni uhai, lakini kiu ikikatika, acha. Usishindane kunywa, wala usijijaze ili upite kwenye mzani wa mtu. Ukitoka jasho sana shambani au kwenye machimbo, usinywe maji matupu tu kutwa nzima. Kula pia chakula chenye chumvi. Na ukimwona mtu aliyekunywa maji mengi anaumwa kichwa, anatapika, maneno yake yamepotea njia, usimwongeze. Mpeleke dispensari upesi, useme yote unayoyajua, hata kama siri si yako. Ramazani alipata kazi nyingine baadaye, kule Kibombo kwenye mpunga, na watoto tukawazaa.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe mwili wenye nguvu, na watu wa nyumbani watakaokusemea kweli siku ambayo wewe mwenyewe huwezi kusema.