Mluzi Uliomponza Sechelela

Kosa ni langu. Si la mashine, si la betri, si la jua la Dodoma, ingawa vyote hivyo nilivisingizia mbele za watu. Ni langu mimi, mtu mzima mwenye akili timamu, na mwenye muswada wa riwaya ambao hakuna mchapishaji anayeutaka. Kosa hili nimelibeba mpaka limenichosha. Nisikilizeni, halafu mnicheke. Nastahili.

Nina rafiki, nitamwita Neema. Alisomea kompyuta, akaajiriwa ofisi ya serikali, akaiacha kazi ile ili atengeneze gemu. Ndiyo, gemu! Mama yake kule Mlali alilia kama amefiwa.

Gemu yake inamhusu binti aitwaye Sechelela. Tajiri mmoja ameiba ng'ombe wa ukoo wao, naye anakwenda kuwarudisha boma baada ya boma, akinyata gizani kati ya walinzi wazee wenye mikuki na tochi. Akilazimika anapigana, lakini ufundi wenyewe ni kutoonekana. Neema alishatoa sehemu tatu za kuchezwa kwenye kompyuta, na vijana wa vyuoni walizipenda kweli.

Kisha kampuni moja inayotengeneza mashine ndogo za gemu, zile za kushika mkononi, ikamwambia: ilete Sechelela kwenye mashine yetu, tutakuja kuiona. Ikitupendeza, tutaiweka ndani ya kila mashine tutakayouza.

"Wakikataa narudi ofisini," Neema aliniambia. "Nitapiga chapa barua za watu mpaka nistaafu."

Hilo nililijua. Msije mkasema sikujua!

Mimi kazi yangu ilikuwa kupunguza maneno. Kioo cha mashine ile ni kama kiganja, na hadithi ya sehemu zile tatu ni ndefu. Pia nilirekodiwa mluzi. Sechelela akitaka kumvuta mlinzi upande wa pili hupiga mluzi, na Neema alisema midomo yangu inafaa, maana haipumziki.

Tulifanyia kazi Kizota, chumba cha nyuma kwenye karakana ya mjomba wake, fundi wa kuchomelea mageti. Siku moja Mjomba Ndahani aliingia kutuangalia, akamwona Sechelela anampita mzee mlangoni bila neno.

"Binti wa nani huyu?" akauliza. "Kwetu mtu hampiti mzee kimya kama mbuzi. Atamwamkia mbukwa, ataulizwa habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua. Ndipo apite."

"Mjomba, akisalimia si atakamatwa?" Neema akasema.

"Basi asalimie moyoni!"

Alikuwa anatania. Mzee wa watu alicheka, akarudi kwenye mageti yake. Lakini mimi, jamani, mimi mwili ulinisisimka! Asalimie moyoni! Hiyo ni fasihi! Nikakaa nikaandika salamu za moyoni kwa kila mlinzi. Mojawapo ilikuwa hivi: "Mbukwa, babu. Mbalamwezi imekamua maziwa yake juu ya migongo ya ng'ombe, na mimi ni kivuli kinachokuonea haya."

Neema aliisoma. "Mshairi," akasema, ndivyo alivyokuwa akiniita akitaka kunikata makali, "ni nzuri. Nenda nayo nyumbani. Mtu anayejificha hasomi. Na nilishakueleza, kwenye mashine hii vitufe ni vichache. Kitufe cha kuondoa maneno ndicho hichohicho cha kupiga mluzi. Pale anaponyata, hakuna maneno. Kabisa."

Nikaitikia. Hakika niliitikia.

Tatizo ni kwamba nilishajigamba. Tuna kikundi chetu cha waandishi, tunakutana Ipagala kila Jumamosi kusomeana kazi na kuoneana wivu. Niliwaambia hao kwamba fasihi ya Kiswahili inaingia mikononi mwa vijana, na mlango wake ni mimi. Nitawaambia nini sasa? Kwamba katika kazi nzima nilichochangia ni kupuliza hewa?

Kabla ya watu wa kampuni kuja, Neema alikwenda Mlali kumsaidia mama yake kuvuna. Gemu ilikuwa imekamilika. Aliniachia kompyuta yake na ile mashine. "Chaji tu," akasema. "Usiguse kitu kingine."

Nikagusa.

Nilizirudisha salamu zangu zote, mlinzi mmoja mmoja. Nilikuwa nanyata ndani ya kompyuta ya mwenzangu kama Sechelela, tofauti yetu ni kwamba yeye hurudisha vilivyoibwa. Kisha, msinione mzembe, nilijaribu! Nilicheza boma zima palepale kwenye kompyuta. Maneno yalitokea, nikayaondoa, nikapita salama. Nilitokwa na machozi kwa uzuri wa kazi yangu. Nikaihamishia kwenye ile mashine ndogo na kuichomeka kwenye chaji.

Mmeshaona nilivyokuwa mpumbavu? Kwenye kompyuta vitufe vimejaa tele, na kila kimoja kina kazi yake. Kwenye ile mashine sikucheza hata mara moja!

Neema alirudi kutoka Mlali asubuhi ileile ya ugeni, hata nafasi ya kuijaribu hakupata. Aliyetumwa na kampuni alikuwa dada mmoja mpole kutoka Dar es Salaam. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, Mjomba Ndahani amesimama nyuma yake, Neema anasugua viganja kwenye sketi. Sechelela akaingia bomani. Akamkaribia mzee wa kwanza. Mara, mbalamwezi yangu ikafunika nusu ya kioo!

Yule dada akabonyeza ili aiondoe.

Fyuuu!

Mluzi wangu. Mzee akageuka, tochi usoni, Sechelela amekamatwa.

"Samahani, nimekosea," dada akasema. Akaanza upya. Mbalamwezi. Akabonyeza. Fyuuu! Akakamatwa. Akajaribu kusubiri maneno yaondoke yenyewe. Hayakuondoka. Mimi nilikuwa nimeandika ya kudumu.

"Huyu mwizi ana adabu sana," Mjomba akasema. "Anabisha hodi kabisa."

Nikaona nimsaidie Neema. "Labda ni joto," nikasema. "Mashine hizi na jua la huku... au betri."

Hapo ndipo Neema alipoichukua mashine na kusoma. Niliyaona macho yake yakipita mstari kwa mstari.

"Dodoma nzima," akasema taratibu, "nani mwingine anaweza kuandika mbalamwezi imekamua maziwa?"

Mgeni alishukuru, akasema mawazo ni mazuri, ila yeye ana gemu nyingine za kutazama na jibu lazima alitoe siku hiyohiyo. Jibu lilikuja jioni. Walichagua wengine.

Niliomba radhi mpaka sauti ikakauka. Neema alisikiliza yote, akaniambia neno moja tu: "Sechelela kazi yake ni kutoonekana. Wewe ndiye uliyetaka kuonekana." Akafunga mlango. Mwezi uliofuata alirudi ofisini, kupiga chapa barua za watu.

Kikundi cha Ipagala nacho nilikiacha mwenyewe. Ningesoma nini pale?

Lakini Neema si mtu wa kukata tamaa. Akitoka kazini aliendelea, na hatimaye kampuni nyingine, ndogo kuliko ile, imeichukua gemu. Sikuambiwa na yeye. Hatusemezani. Nilipita Kizota, nikamwamkia Mjomba, akaitikia, akafuta mikono, akanipa mashine. "Kacheze pale kivulini," akasema. "Usivunje kitu."

Nikamfikisha Sechelela kwa mzee wa kwanza. Hakuna neno hata moja. Upepo tu, ng'ombe wanacheua, na pumzi ya binti. Nawaambia ukweli, palikuwa pazuri kuliko chochote nilichowahi kuandika!

Nikabonyeza kitufe. Fyuuu!

Bado ni mimi. Neema kauacha mluzi wangu. Katika yote niliyompa Neema, hicho ndicho kilichobaki.

Waandishi wenzangu, na nyote mnaopenda kusikika, mtu akikuonyesha mahali pa kimya katika kazi yake, pita kimya. Usipoweza, mluzi utaupiga wewe, na atakayekamatwa ni mwenzako.