Abiria wa Goweko

Saa saba mchana, Tura. Jua limeinamia bati la kituo cha kulelea watoto kama mtu anayechungulia chungu. Ndani, Apolinaria Marko, miaka 47, anatangaza kwa utukufu wa mkuu wa stesheni: "Treni inaondoka! Asiyelala atatembea kwa miguu!"

Watoto thelathini na wanne wamejipanga kwenye mikeka, mabehewa yasiyo na magurudumu. Kila mtoto ana kituo chake cha reli, na kikitajwa, hapo ndipo hushukia usingizini.

"Malongwe," ananong'ona. Watano wanafumba macho. "Nyahua." Wengine wanashuka, midomo wazi.

Apolinaria alianza kazi hii miaka sita iliyopita, alipochoka kuona watoto wakilazwa kwenye matuta ya tumbaku. Posho yake ni shilingi elfu sitini kwa mwezi. Ikichelewa kuliko treni, huuza maandazi. Jioni huzunguka majumbani kuwahimiza wazazi waongee na watoto wao.

"Wababa wa hapa humsalimu ng'ombe kwanza," anasema.

Aliyemnyima raha mwaka huu ni Sabiri, miaka minne, ambaye hakuwa ametamka hata neno moja. Wiki iliyopita baba yake, Lukumani, alikuja kumtoa kituoni.

"Shikamoo, mama. Huyu nampeleka shambani. Hapa anakuja kulala tu, na kulala hata kwangu kupo."

"Marahaba. Niachie leo tu, baba. Nawe keti mlangoni, utasafiri kama mzigo."

Lukumani akaketi. Treni ikaondoka. Lakini joto lilimzidi nguvu mkuu wa stesheni: baada ya Nyahua akasinzia, akazinduka, akatangaza, "Igalula!"

Sabiri, abiria wa Goweko, kituo kilichorukwa, akainuka mkekani. Akatazama huku na huku.

"Goweko," akasema. Kisha, kwa ukali wa msafiri aliyepitilizwa: "Goweko!"

Akajilaza, akalala fofofo.

Lukumani alivua kofia taratibu, kama aliyepishana na msafara wa wafalme. Aliondoka peke yake, akinyata.

Sasa Apolinaria anataka wababa watangaze vituo kwa zamu, na reli ifike hadi Kigoma. "Ziwa wataliona ndotoni," anasema.

Wa kwanza kuomba zamu ni Lukumani, kila Alhamisi, na ya kwanza ameshaishika.

"Anaruka vituo huyo, balaa," Apolinaria anacheka. "Lakini Sabiri yupo, atamsahihisha."