Daktari wa Chachu na Mtumbwi wa Edvina

Daktari wa chachu alibeba kila kitu viwili viwili: miwani miwili, simu mbili, kalamu mbili mfukoni kama mapacha wanaosubiri ubatizo. Edvina wa Kanazi, mpika rubisi, ile pombe ya ndizi, aliyekuwa akimfadhili kwa chumba na matoke, alishauchoka wimbo wake: "Jeni likijirudufu, mama, moja linashika kazi ya zamani, la pili liko huru kujifunza kuvunja sukari nyingine." Daktari aliuimba huku ananusa vidole.

Leo vidole vilinuka dawa. Kwa kupenda usafi, alikuwa ameusugua mtumbwi wa kuchachushia kwa dawa ya vijidudu, akaziua chachu zote zilizoishi kwenye mbao. Juisi ya ndizi ilikuwa kimya kama maji ya kisima, na kesho wakwe wanakuja kumchukua binti wa Edvina. Wakwe bila rubisi! Daktari alikuwa na chupa mbili za chachu aliyoichota zamani kwenye mtumbwi uleule, utafiti wake wote. Alimimina moja asubuhi. Mchana, kimya.

"Waitu, daktari wetu, na hiyo ya pili?"

"Ya pili ndiyo udaktari wenyewe, mama!"

"Si ulisema ya pili iko huru kujifunza kazi nyingine?"

Daktari akamimina. Jioni povu lilipoanza kunong'ona, Edvina alipiga vigelegele. Daktari alikuwa bado amezikumbatia chupa mbili tupu kwa viganja viwili.