Sahani Iliyokosekana Kanga

Mwalimu wetu wa Kisiju alipofariki, tulibaki na wasomaji wa Kurani wengi tu, lakini hakuwapo mtu wa kugawa mirathi. Ndugu wawili waligombea minazi ya baba yao wakaishia kwa akida wa Wadachi, naye, Mungu amsamehe, aliwagawia kwa namna ambayo mpaka leo hawasalimiani. Wazee wakasema kuna chuo huko Mafia, kijiji cha Kanga, kidogo lakini kinatoa watu. Wakanituma nikakione, niwaombee nafasi vijana wetu wawili. Walinichagua mimi kwa sababu nina maneno. Nikiikumbuka sababu hiyo natamani kujifunika shuka gubigubi.

Kirongwe, upande wa Mafia, tulifika maji yamekupwa, tukashuka na kukanyaga matope mpaka magotini. Nilikuwa na kikapu cha mchele cha kumpa mwenyeji wangu, nikampata mtu mwenye punda wa kunibebea. Njiani, katikati ya mashamba ya minazi, nilimuuliza kama anakijua hicho chuo. Akasema baba yake alipokufa kijijini kwao hapakuwa na mtu wa kumwosha wala kumswalia, na wanachuo wa Kanga walikuja kwa miguu, mvua inanyesha, wakamzika, wakarudi bila kula. Nilisema vizuri, vizuri, huku nikiwaza jinsi nitakavyowaeleza watu wangu. Ndivyo nilivyo, nasikiliza nusu na nusu natunga hadithi.

Kanga tuliingia baada ya alasiri. Chuo chenyewe ni banda refu la makuti ubavuni mwa msikiti. Mwalimu Makame, mwenye chuo, alinipokea kwa heshima kubwa na kunionyesha kila kitu. Asubuhi husoma watoto wa kijiji. Wakishatoka huingia wakubwa, na hao ndio niliowafuata: nahau, fikihi, mirathi, na hesabu ya nyota ya kujua nyakati za sala. Alhamisi hutawanyika vijijini kufundisha na kupatanisha, wengine hadi Ndagoni.

Nilijifanya mkaguzi, nikawauliza maswali. Aliyenijibu vizuri kuliko wote alikuwa Fadhili wa Jibondo, mtu mzima mwenye ndevu zake, tena ndiye aliyekuja mwisho pale chuoni. Kwao ni mafundi wa vyombo vya baharini, na kila anapokufa mwenye chombo watoto hugombana mpaka mbao zinaoza ufukweni. Watu wa Jibondo walimwondoa kazini, wakamwambia aende akasome mirathi awarudie. Alikuwa amefika katikati ya masomo.

Baada ya magharibi sahani zililetwa, kila moja imefunikwa kawa lake, zikawekwa mkekani pamoja. Tukala. Palikuwa na wali na samaki wa nazi, palikuwa na pweza, na mwishoni palikuwa na sahani ya bada, ule ugali wa muhogo mkavu, mgumu, na kitoweo chake chumvi tupu. Sasa kwetu Kisiju mgeni akila asiposema kitu ameudhi. Lazima asifu kwa sauti wapishi wasikie, na mpishi aliyeshindwa ataniwe kidogo, watu wacheke. Basi nikasifu. Nikaupandisha ule wali na samaki mpaka mbinguni, kisha nikaisukuma sahani ya bada, nikasema, "Hii nadhani ni ya kuzibia mashua. Fadhili, wapelekee mafundi wenu."

Hakucheka mtu. Fadhili aliivuta ile sahani akaimaliza peke yake. Nyuma ya ua wa makuti nikasikia wanawake waliokuwa wakisubiri vyombo vyao wakiondoka.

Siku ya pili, jioni, sahani zilikuja, lakini ya bada haikuwapo. Mwalimu Makame alizitazama, kisha akaniita pembeni. Akanieleza bila kunikaripia, na heri angenikaripia. Kanga, sahani moja ni mwanachuo mmoja. Nyumba inayoweza hupika, na zote huchanganywa ili asijue mtu anakula cha nani, tajiri asijivune na maskini asione haya. Kwa hiyo chakula cha chuo hakisemwi, kizuri wala kibaya. Sahani ikikoma, aliyekuja mwisho hurudi kwao.

"Ile ni ya Bi Time," akasema. "Mjane. Kabla ya leo hajakosa hata jioni moja."

Nikageuka nikamwona Fadhili ameanza kukunja mkeka wake.

Nilijiona sina maana. Asubuhi nilibeba kikapu changu cha mchele, ambacho nilikuwa bado sijakitoa, mpaka kwa Bi Time, nikapiga hodi. Alitoka akasimama mlangoni, mwanamke mwembamba, mikono yake bado ina unga. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa upole ulionitia aibu zaidi. Nikamwomba radhi. Nikamwekea mchele miguuni.

Akasema, "Uchukue, mwanangu. Nikiupika huo watajua umetoka wapi. Nimeshakusamehe, kwa Mungu sina neno nawe. Ila nikikaa jikoni nakusikia, mkono haufanyi kazi. Wewe ukishaondoka Kanga, nitapika."

Nilirudi chuoni kufunga mzigo. Mwalimu alisema Fadhili angojee mpaka jioni. Ombi langu la nafasi mbili nilimwambia hata hivyo, kwa sababu nilitumwa. Akanijibu kwamba hana la kukataa, lakini nafasi wanazitoa wanawake, nao hawatampikia mtu wa Kisiju kwa sasa.

Kirongwe hapakuwa na chombo cha kuvuka. Nilikaa kwa watu, nikila chochote nilichopewa. Siku iliyofuata akapita mchukuzi wa nazi kutoka Kanga. Nilimuuliza habari za chuo huku natazama chini. Akasema wazima wote, Fadhili wa Jibondo yupo, anasoma. Niligeuka nikalia, na yule mtu sijui alifikiri nimefiwa na nani.

Kisiju walinipokea ufukweni. Niliwaambia wazee yote, kama ninavyoyaandika hapa. Nimejifunza kwamba chuo kile hakisimami juu ya vitabu vya Mwalimu Makame peke yake. Kinasimama juu ya meko ya watu ambao mgeni hawaoni, na mimi nilikwenda kukitazama chuo nikayapiga teke meko.  Mzee mmoja akasema yaliyopita yamepita.

Lakini mama wa mmoja wa vijana wetu alikuwa amekuja na sanduku la mwanawe, limeshafungwa kamba, akidhani chombo kitarudi nalo Mafia. Aliniuliza mwanawe atasoma wapi. Nikafungua kinywa, mimi mwenye maneno, na sikupata hata moja la kumpa. Akajitwika sanduku lake akarudi nalo nyumbani.